Kaka, Viatu Ulikuwa Navyo

Jumaa,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo zuri, na nikianza na mengine kalamu itachana karatasi.

Anaitwa Rajabu. Ni Msambaa wa Vugiri, anauza matunda ya milimani hapa sokoni Korogwe, plamu na pea na parachichi, na ungemcheka jinsi anavyoyapanga, moja moja, kila tunda akilifuta kwa kitambaa kama anamnawisha mtoto uso. Mimi pia ananiangalia hivyo hivyo. Akisema “mke wangu” anasita kidogo katikati, kama mtu ambaye bado haamini kwamba neno hilo amepewa alitumie apendavyo. Asubuhi akitoka hufika barabarani, akarudi, akasema kuna kitu amesahau, na kitu chenyewe ni mimi. Usinicheke. Nimesubiri kupendwa hivi tangu nikiwa kidato cha pili, na nitajisifia hata kwa mtu aliye kaburini.

Ungekuwepo ungempenda. Ungemwita “shemu” na kumlia matunda yake bila kulipa. Lakini haupo, na haupo kwa ujinga wako mwenyewe, na ndiyo maana nimekaa hapa mchana kweupe, mume wangu yuko sokoni, sufuria ya maharage iko jikoni, nami nakuandikia barua badala ya kuchambua mchele. Nina hasira na wewe, Jumaa. Nimeibeba tangu siku tuliyokuzika, nikaipitisha kwenye arobaini, nikaivalisha shela la harusi. Leo naitua.

Nianze na viatu. Tangu tuoane, Rajabu ameniletea jozi nne. Za kwanza nilizipokea kwa vifijo. Za pili nikamwambia ahsante, mpenzi, lakini ninazo. Za tatu akapiga goti kunivalisha, akasema, “Mguu huu hautakanyaga vumbi tena, mradi mimi nipo.” Nikalia. Alidhani nalia kwa mapenzi, na kweli mapenzi yalikuwemo. Ila nililia zaidi kwa aibu, kwa sababu mguu huu haujawahi kukosa kiatu hata siku moja, na wewe unajua, na mimi najua, na Baba aliyevinunua anajua.

Rajabu alinifahamu kupitia wimbo wako. Nilikwenda kwenye meza yake kununua parachichi, nikiwa na Mwajuma, mwenzangu wa dukani nilikokuwa nauza, na Mwajuma hajui kunyamaza, akamwambia, “Huyu unayemuona ni mdogo wake marehemu Kibopa wa Kang’ata.” Rajabu akaacha parachichi mkononi. Unajua alichoangalia kwanza? Miguu yangu. Wanaume wengine wangeangalia mengine. Yeye aliangalia kama nimevaa viatu. Nikampenda papo hapo, na papo hapo nikawa nimeingia kwenye uongo ambao sikujua nitautokaje.

Wimbo wako huu hapa. Nauandika ili uuone unavyokaa kwenye karatasi bila mdundo wa kuufunika:

Baba alishika njia, hakugeuza shingo,
Mama sufuria tupu, njaa ndiyo fimbo,
Peku hadi shuleni, vidole vyote vumbi,
Leo nashuka kwenye gari, wapambe nyuma kundi.

Mistari inaingia mwilini, siwezi kukataa. Vijana wa bodaboda wanaijua, wanafunzi wanaiimba wakitoka shule, na kila anayeiimba anafumba macho kidogo pale kwa Baba. Ukifika kwenye kiitikio, “Peku hadi ghorofani,” watu wanainua mikono kana kwamba na wao ghorofa wanayo. Umewapa kitu, sikatai. Lakini umewapa kutoka kwetu, na ulichowapa hakikuwa chetu.

Kwa sababu, kaka, sisi tulikuwa watu wa katikati. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati zenye kutu pembeni. Baiskeli moja yenye kiti kirefu cha nyuma, Baba akikanyaga, wewe mbele na mimi nyuma nimemshika kiuno, hadi shule. Bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda, siku nyingine na dagaa, siku ya sikukuu kuku. Kulala na njaa, hatujawahi. Kulala tumeshiba nyama, mara chache. Hakuna mtu anayeimba habari za katikati. Ulinieleza hivyo mwenyewe, umerudi kutoka studio umenuna, umetupa daftari kitandani kwangu.

“Prodyuza anasema haina maumivu,” ulisema. “Anasema nani atalia kwa ajili ya mtoto ambaye baba yake yupo?”

Ulikuwa umeandika kwamba Baba huamka kabla ya jogoo, jembe begani. Ulikuwa mstari wa kawaida, mzito mdomoni, ila ulikuwa wa kweli. Ukanitazama. “Zaina, wewe ndiye uliyepata A ya Kiswahili. Niokoe.”

Nami nikakuokoa. Nilichukua kalamu, nikafuta jembe, nikafuta jogoo, nikamfuta baba yetu mzima mzima, nikaandika mstari ule wa kwanza na ule wa pili. Nilichukua dakika chache tu, hata chai haikupoa. Uliruka juu ya kitanda kama mwehu. “Umeua, mdogo wangu! Umeua!”

Na unajua nilikoutoa? Mwaka ule mahindi yalipokauka yangali kiunoni, Baba alichukua panga, akaja huku Korogwe kukata mkonge. Alikaa miezi. Kila wiki kondakta wa basi alituletea kifurushi cha unga chenye jina la Mama limeandikwa kwa mkaa. Aliporudi, viganja vyake vilikuwa na alama za miiba kama mtu aliyepigana na paka, na kwenye mfuko wake alikuwa na jozi mbili za raba, zako na zangu, na zangu zilikuwa kubwa mno hata tukaweka vitambaa mbele. Mwaka huo ndio niliokupa. Nilichukua kuondoka kwake, nikaacha unga, nikaacha viganja, nikaacha kurudi.

Kwa hiyo usidhani hasira hii ni yako peke yako. Lakini sehemu yako ni kubwa, nami leo nakupa sehemu yako.

Kosa langu lilikuwa la kalamu. Kosa lako ulilifanya kwa mguu. Nani alikwambia uvue viatu? Mlikwenda kupiga video kwenye yale mabanda ya zamani ya wakata mkonge, kuta zimeanguka, majani yameota ndani, mbao na vyuma vimetapakaa. Ulikuwa umevaa raba nyeupe. Baba alizinunua alipouza mbaazi, akakupa mbele yetu wote na kusema, “Ukaimbe ukiwa nadhifu.” Ulifika pale, ukazivua, ukaziweka juu ya jiwe, ukaingia kwenye yale mabaki ya watu maskini wa kweli, pekupeku, ili uonekane kama wao. Ukakanyaga msumari.

Na bado hukutoka! Mpiga picha alinieleza mwenyewe. Ulitazama damu ukasema iachwe, inapendeza. Imeachwa, Jumaa. Imo kwenye video mpaka leo. Kiitikio cha pili unachechemea, na watu wameandika chini, “Jamaa anajua kuigiza.” Nikisoma maneno hayo natamani kuingia ndani ya simu nimkamate mtu shingo, na mtu mwenyewe ni wewe.

Njia yenu ya kurudi ilipita zahanati. Mama alikusihi siku hiyo hiyo ukachomwe sindano ya pepopunda. Mimi nilikusihi kesho yake. Ulinijibu nini? “Mtoto wa mtaa hakimbilii sindano kwa msumari mmoja.” Mtaa gani? Kang’ata ina mtaa gani? Ulilelewa na mama anayekupulizia uji, ulikuwa unalia ukichomwa mwiba wa mchongoma, halafu wimbo mmoja ukakufanya uamini kwamba wewe ni yule niliyemwandika mimi kwenye daftari. Baada ya siku kadhaa taya likakaza. Nilidhani unafanya utani, unaniigizia. Nilikupiga begani nikakwambia acha. Kaka, nilikupiga begani.

Hospitalini Baba aliuliza swali moja tu. Hakumuuliza daktari utapona lini. Aliniuliza mimi: “Viatu vyake viko wapi?” Sikuelewa wakati ule. Alidhani umeibiwa. Alidhani mwanawe alikuwa peku kwa sababu mtu amemnyang’anya. Ilibidi nimwambie kwamba ulivivua mwenyewe, na kwa nini. Alitikisa kichwa taratibu, akatoka nje, akarudi na soda ambayo hakuna aliyekunywa.

Ukafa. Nasema hivyo hivyo, kavu, kwa sababu ulikufa kwa jambo ambalo sindano moja ingelimaliza.

Msibani watu wote walikuwa wapole mno. Walisema kazi ya Mungu, walisema nyota imezimika, na mimi nilikaa kwenye jamvi nimeuma kanga nisipige kelele. Aliyeniokoa ni Bi Tatu, mtani wa ukoo wetu. Unamjua, msiba hauwi msiba bila yeye. Alikuja amevaa koti la mtu mwingine, akasimama mbele ya jeneza lako mikono kiunoni, akakuita kwa sauti iliyofika hadi kwa wachimba kaburi: “Kibopa! Wee Kibopa! Gari lako ndilo hili? Halina hata matairi! Wapambe wako ndio hawa, wamekubeba begani!” Wanawake wakaanza kucheka huku wanalia. Akainama, akasema kwa ukali kabisa, “Viatu ulikuwa navyo, zuzu wewe. Ukavivua kwa nini?” Mtani hakatazwi neno. Akakaa chini, akalia kuliko sisi wote. Mtu mmoja tu katika msiba mzima alisema ukweli, naye alisema kwa sababu mila inamruhusu kutukana.

Baada ya hapo wimbo ukavuma. Ulipokuwa hai uliwaomba watu wausikilize. Ulipokufa ukawa unapigwa madukani, kwa vinyozi, kwenye simu za watoto. Watu walikuja Kang’ata kuona kibanda ulichokulia, wakakuta nyumba ya bati na Baba anapepeta mbaazi uani. Mmoja alimuuliza, “Mzee, wewe ni nani yake Kibopa?” Baba akajibu, “Namlindia mama yake nyumba.” Mama alisimulia akicheka, mimi sikucheka. Nilijua kwamba anaficha kitu, ila nilikuwa mwoga kuuliza ni nini.

Sasa sikiliza harusi. Ndoa ilifungwa Kang’ata, nikiwa chumbani na shangazi, nikisikia sauti ya Rajabu ikikubali, sauti ya juu kidogo kuliko kawaida yake, na moyo wangu ukapanda juu pamoja nayo. Kesho yake mchana ikawa sherehe ya upande wao, kwenye ukumbi hapa Korogwe. Kaka, nilipendeza. Nilivaa gauni la rangi ya maziwa, hina hadi viwiko, na Rajabu alikuwa ananitazama mpaka akamwagia soda suruali yake mpya. Baba alivaa kanzu na koti, amekaa meza ya mbele na wakwe, mgongo umenyooka. Sijawahi kumuona anajivuna hivyo.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa mjini, hakuwa na nia mbaya. Akawaita wazazi wa bibi harusi wasimame waonekane. Wakasimama. Akasema, “Na kwa heshima ya kaka yake, aliyetutangulia, dijei, tupe ile!” Ukaingia wewe. Spika kubwa, Jumaa, ukumbi mzima. Baba alishika njia, hakugeuza shingo. Na Baba amesimama pale, mbele ya watu wote, mkono wake uko begani kwa Mama.

Ukumbi haukujua ufanye nini. Wengine waliimba, kwa mazoea. Wengine wakawa wanamtazama. Shangazi yake Rajabu, Bi Mkunde, mama mwema lakini mdomo wake hauna mlango, akamuuliza Mama kwa sauti iliyoshinda spika: “Huyu ndiye baba wa kufikia?”

Baba alimjibu yeye mwenyewe, kwa upole, kama anatoa jina lake kwa karani. “Hapana, mama. Mimi ndiye yule aliyeshika njia.”

Akakaa. Chakula kilipokuja hakugusa. Aliaga mapema, akasema kuna nguruwe wa porini wanaingia shambani. Nami nilibaki kwenye kiti changu cha maua, nimetabasamu mpaka mashavu yanauma, mkono wa mume wangu mkononi mwangu. Rajabu akaniinamia sikioni, kwa mapenzi yote ya dunia, akaninong’oneza, “Usijali. Mimi siwezi kukuacha kama alivyokuacha.”

Hapo ndipo nilipokuchukia. Nasema ukweli, nilikuchukia wewe, nikajichukia mimi, na keki ilikuwa bado haijakatwa.

Ningeweza kusema siku ile ile. Sikusema. Niliogopa. Rajabu alimpenda mtoto mwenye njaa, na mtoto huyo hakuwahi kuzaliwa. Nikimwambia, atabaki na nani? Kwa hiyo nikala vinono vya uongo. Mama mkwe ananiongezea ugali bila kuuliza, akisema, “Kula, mwanangu, zile siku zimekwisha.” Rajabu ananiletea viatu. Na Baba hakuja kunitembelea hata mara moja. Kila nikipiga simu anasema atakuja mvua zikikatika.

Wiki iliyopita tukaenda sisi, Kang’ata, ziara yetu ya kwanza kama mke na mume. Tulibeba kanga za Mama, shuka la Baba, na kikapu cha pea. Rajabu alimsalimia Mama, “Shikamoo mama,” amemshika mikono yote miwili. Akageuka kwa Baba. “Shikamoo mzee.” Mzee. Kama anamsalimia mtu kituoni. Baba akaitikia, “Marahaba, karibu,” akamsogezea kiti kizuri.

Mama alikuwa amepika bada na kuku wa nazi. Akachukua mwiko ili apakue, Rajabu akamzuia. “Mama, leo niachie mimi. Umewapakulia watoto peke yako miaka mingi.”

Mama akamtazama Baba, akamtazama Rajabu. “Peke yangu vipi? Na huyu hapa nilimwazima?”

“Namaanisha zile siku alipowaacha,” alisema mume wangu. Kwa adabu. Alikuwa ananitetea, kaka. Alikuwa mwanaume mwema kuliko wote duniani, na maneno yake yalikuwa mawe, na mawe hayo nilimpa mimi.

Baba akainuka. Akasema, “Maji ya kunawa yako wapi?” Maji yalikuwa mbele yake.

Nikasema. Sikupanga, yalitoka tu. Nilisema Baba hakutuacha. Nilisema alikwenda kukata mkonge na unga ulikuja kila wiki. Nilisema viatu tulikuwa navyo. Nilisema mstari ule si wa Jumaa, niliuandika mimi, kwa mkono huu wenye hina, ili Jumaa apate wimbo.

Mama aliweka mwiko chini. Rajabu aliweka sahani chini. Nami nilimtazama Baba, nikingoja anipige, na hajawahi kunipiga.

“Najua,” Baba alisema.

Alinawa, akafuta mikono, akakaa. “Insha zako zote za shule nilikuwa nazisoma. Katika kila insha baba anakufa, au analewa, au anaondoka. Nikajua mtoto anatafuta maksi. Mwalimu wako wa Kiswahili, siku ya mkutano wa wazazi, alishtuka kuniona hai. Alikuwa ameshanichangia rambirambi moyoni.” Mama akacheka, akaziba mdomo. Baba hakucheka. “Niliposikia wimbo mara ya kwanza, nikasema, huyu ni Zaina. Nimeuawa tena.”

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza harusini. Akaniangalia kama nimeuliza swali la mtoto. “Nikutangaze mwongo mbele ya wakwe zako, siku yako? Bora nishike njia.”

Ona sasa. Ona ulichokosa kujua. Miaka yote tulidhani baba yetu hana cha kuimbwa.

Rajabu alitoka nje, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikamfuata. Hakufoka. Alisema, “Huruma yangu yote ile, Zaina, nilikuwa nampa mtu gani?” Tulirudi Korogwe tumekaa kiti kimoja kama wageni. Siku mbili alikula bila kunitazama, na mimi nilipokuwa nafua nilikulaani wewe kwa kila shati. Nilijua ndoa yangu imeingia msumari, na zamu hii nilikuwa nimekanyaga mwenyewe.

Siku ya tatu alirudi mchana, mapema. Mikononi hakuwa na boksi la viatu. Alikuwa na mfuko wa plamu, zile nyekundu nyeusi. Akauweka mezani. “Hizi unazipenda kweli,” aliuliza, “au na zenyewe uliziandika?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, nikalia mpaka akakaa na yeye. Nikamwambia nazipenda kweli. Nikamwambia yote ya katikati, baiskeli, mlenda, raba zenye vitambaa, insha. Alisikiliza kama anavyofuta matunda, polepole, upande mpaka upande. Kisha akachukua simu akampigia Baba.

“Shikamoo baba.”

Baba akauliza, “Nani mwenzangu?”

“Ni Rajabu, baba.”

“Rajabu namfahamu. Yeye huniita mzee.”

Mume wangu akafunika uso kwa kiganja. “Nisamehe, baba. Shikamoo.”

“Ya jana na juzi utanipa lini?” Baba alisema, halafu ndipo akaitikia marahaba, ndefu, ile anayotuitikia sisi. Nampenda mume wangu, Jumaa. Nampenda zaidi ya siku ya harusi, kwa sababu sasa ananipenda mimi.

Basi unadhani hasira imekwisha? Haijakwisha. Wiki hii prodyuza wako amenipigia. Anataka kutoa wimbo wako wa pili, uliorekodiwa nusu, anataka ruhusa ya familia. Akanisomea. Katika wimbo wa pili umemuua Mama! Umemzika, umemlilia, umemjengea kaburi la marumaru kwa utajiri wako. Mama, anayeniuliza kila siku kama huko uliko kuna baridi. Nimemkatalia prodyuza. Akasema mashabiki watasikitika. Nikamwambia wasikitike, sisi tumeshasikitika bila mdundo. Na sijui uliandika wewe au ulijifunza kwangu, na hilo ndilo linalonichoma: kwamba nilikufundisha kwamba wazazi walio hai hawafai kwa wimbo.

Ningependa ungekuwa hai nigombane na wewe uso kwa uso. Ningependa unijibu jeuri. Ningekupiga kwa ufagio, ungekimbilia kwa Baba, Baba angesema tuache kelele anasikiliza taarifa ya habari. Ungekuwa na kovu dogo kisiginoni na ungelionyesha kwenye harusi yangu kwa majigambo. Ungepata gari au usingepata, nani angejali? Ulikuwa na miaka mingi ya kuwa mtu wa katikati pamoja nasi. Ukaivua.

Kuna kazi moja imebaki, na naiogopa. Kule Vugiri, Bi Mkunde bado anawasimulia watu kwamba bibi harusi wa Rajabu baba yake alimtelekeza. Hasemi kwa ubaya, anasema akinisifu jinsi nilivyoinuka. Rajabu amejitolea akamweleze yeye. Nimekataa. Jumapili ukoo wao wote unakutana kwenye harusi ya binamu yake, na mimi nitapanda mlima kwa miguu yangu, nitaomba kusimama mbele ya akina mama wale wote, wakiwa na sahani zao. Labda watanicheka. Labda mama mkwe ataacha kuniongezea ugali. Nitawaambia baba yangu anaitwa nani, anakaa wapi, anafanya kazi gani. Nitawaambia alikwenda, na nitawaambia alirudi. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na kila wimbo ule utakapopigwa mbele yangu, popote, nitaisema tena, hata kama ni kwa kinyozi, hata kama wataniona nimechanganyikiwa.

Maharage yameanza kunukia, na nasikia Rajabu anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, ndiyo tabia yake.

Kwa heri, kaka yangu. Nakuombea dua kila baada ya swala, hata siku ninazokukasirikia. Leo ni mojawapo, na kesho itakuwa nyingine. Siku nikikusamehe nitakuja mpaka kaburini nikwambie mwenyewe, usisikie kwa watu.

Mdogo wako,
Zaina